Mama wa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Daktari Ochoki hakuwa ameandika hata mstari mmoja wa ile makala, lakini jina lake ndilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa la mke wake, Drusilla, daktari wa meno. Makala yenyewe ilihusu kina mama wanaovuja damu wakijifungua. Meno yaliingilia wapi hapo, hakuna mtu aliuliza. La tatu lilikuwa la msimamizi aliyewapa chumba cha mkutano siku mbili. La nne la shemeji yake Daktari, mwenye duka la mbao Suneka, ambaye fomu ilisema mchango wake ni "kutoa wazo". Wazo gani, hata yeye ukimuuliza angejikuna kichwa. Wakafika kumi na moja. Wa kumi na mbili, huko chini kabisa, kama mtu aliyepewa kiti cha plastiki nyuma ya hema, alikuwa Manasseh Anyona.

Na Manasseh ndiye aliandika.

Alikuwa karani wa rekodi kwenye kituo cha afya upande wa Sironga, diploma yake imefungwa kwa fremu ukutani, mkataba wake wa mwaka mmoja mmoja. Miaka miwili alikuwa anatoa habari kwa rejista ya wodi ya kujifungua na kuzipanga kwa kompyuta, mama mmoja baada ya mwingine. Jarida la kizungu lilitaka mistari yote iwekwe namba, majedwali yakae kurasa zao peke yake, muhtasari usizidi maneno mia mbili hamsini, na marejeo yafuatane vile yametajwa. Yote hayo ni Manasseh. Daktari Ochoki kazi yake ilikuwa kupiga simu kila Jumatatu na kuuliza, "Tumefika wapi?" Hilo "tu" lilimuuma Manasseh kuliko jino.

Utafiti wenyewe ulikuwa mzuri, tusimnyime mtu haki yake. Ulikuwa wa mfuko wa plastiki wenye alama, ule unaowekwa chini ya mama akishajifungua, ndiyo nesi aone damu imefika wapi badala ya kukisia kwa macho. Kituo kiliutumia kwa kina mama mia tatu na kumi na mbili. Jarida lilikuwa linatoa toleo maalum la afya ya kina mama, na mwisho wa kupokea makala ulikuwa Ijumaa hii. Daktari alitaka makala hiyo kama mgonjwa anavyotaka maji, kwa sababu bila hiyo kile cheo cha uprofesa angeendelea kukiona kwa wenzake tu.

Manasseh naye alikuwa na haja yake. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na barua ya kuomba uongezwe ilikuwa kwa meza ya Daktari Ochoki, haijatiwa sahihi.

"Tukishatuma makala," Daktari alikuwa amemwambia, "hiyo barua ni kitu kidogo."

* * *

Waandishi walikuja Ijumaa hiyohiyo saa sita mchana, kwa gari kubwa jeusi lililopanda ile barabara ya vumbi katikati ya majani chai kama limepotea. Kikao cha mwisho cha waandishi kilikuwa kifanyike hoteli mjini Kisii. Fungu la hoteli lilipitishwa, likatiwa sahihi, likaliwa. Basi hoteli ikawa sebule ya Manasseh.

Walishuka watatu: Daktari Ochoki na suti yake, Drusilla na miwani nyeusi, na Haron, kijana wa takwimu, amekumbatia laptopu kama mtoto mgonjwa. Wale wengine wanane walituma salamu.

"Karibuni, karibuni sana," alisema Nyanchoka, mke wa Manasseh, akifuta mikono kwa leso. Hiyo asubuhi alikuwa ametoka shambani na kikapu cha chai, akapima kwa kituo cha kununulia, akarudi, akachinja kuku. Alikuwa pia na maandalizi ya Sabato, maana hapo kwao jua likizama Ijumaa hakuna jiko linawashwa wala kazi inashikwa.

"Mama, asante," Drusilla alisema bila kuvua miwani. Aliangalia kiti, akatoa kitambaa kwa mkoba, akakipanguza, akakalia ukingo. Nyanchoka aliona. Alikuwa ameosha hivyo viti mara mbili.

Watoto wawili walikuja kuchungulia mlangoni. Brandon, wa miaka miwili, na kasichana ka umri huohuo.

"Ni mapacha?" Haron aliuliza.

"Hapana, huyu ni wa dada yangu," Nyanchoka alijibu. "Dada alienda. Sasa ni wangu."

"Pole."

"Tumeshapoa."

Chakula kilikuja. Kuku, chinsaga, zile mboga chungu za kienyeji, iliyolazwa kwa maziwa usiku mzima, na obokima, ugali wa wimbi, nyeusi, moto, inang'aa. Daktari Ochoki alipoiona alicheka.

"Ai, Manasseh! Bado mnakula hii kitu? Mimi tumbo langu lilisahau. Mama, hakuna wali?"

"Hakuna, Daktari."

"Basi nipe kuku tu. Na hizo mboga chungu usiniwekee."

Alikula paja, akala la pili, akala kidari. Haron peke yake ndiye aliosha mikono vizuri, akamega obokima, akafinya, akachota mboga, na akaomba nyongeza. Nyanchoka akampenda hapohapo.

* * *

Walipomaliza, sahani zikaondolewa na kompyuta zikawekwa mahali pake. Daktari alifungua kifungo cha suti.

"Haron amesafisha data," alisema. "Manasseh, wewe chukua hiyo matokeo mpya, weka kwa makala, tuma. Kufika saa kumi tumemaliza. Mimi niko na watu wa kuona Kisii."

Manasseh akachomeka flashi, akasoma. Akasoma tena. Macho yake yakasimama kwa mstari mmoja kama ng'ombe aliyeona nyoka.

"Daktari, hapa imeandikwa kina mama mia tatu na kumi na moja."

"Ndiyo."

"Rejista iko na mia tatu na kumi na mbili. Mimi niliwahesabu kwa kidole."

"Kidole!" Drusilla alicheka, akamwangalia mumewe. "Kwa kidole, mpenzi."

Haron alisogeza kiti. "Kuna mmoja aliingizwa mara mbili, Bwana Anyona. Jina moja, jina la baba moja, mwaka wa kuzaliwa mmoja, kijiji kimoja, wiki hiyohiyo. Namba za kitambulisho zilishaondolewa kwa sababu ya siri ya mgonjwa. Kompyuta ikiona hivyo inabakisha wa kwanza, inafuta wa pili."

Manasseh akasogea karibu na skrini. "Jina gani?"

Haron akafungua faili. "Nyanchoka Bosire."

Mlangoni, Nyanchoka alisimama na birika ya chai mkononi.

"Na hapa chini," Manasseh alisema polepole, "mimi nilikuwa nimeandika, mama mmoja alifariki. Sasa mmeandika, hakuna mama aliyefariki."

"Si ndiyo uzuri wake!" Daktari Ochoki alipiga goti. "Sifuri! Unajua maana ya sifuri kwa jarida kama hili? Mfuko wa shilingi elfu moja na kitu, kituo cha kijijini, vifo sifuri. Hiyo inaenda mpaka Geneva."

"Lakini huyo si mmoja, Daktari. Hao ni watu wawili."

"Wawili na jina moja, baba mmoja, mwaka mmoja? Manasseh, wewe ni msomi ama unauza ndizi?"

"Mimi ndiye wa kwanza," Nyanchoka alisema.

Wote wakageuka. Aliweka birika mezani bila haraka.

"Mimi ndiye huyo kompyuta ilibakisha. Nilijifungua Jumanne, nikazaa Brandon. Dada yangu alijifungua Ijumaa. Baba yetu Bosire alikuwa na wake wawili, na mimi ni wa nyumba kubwa, yeye ni wa nyumba ndogo. Magokoro wetu, mama ya baba, alikufa mwaka ule tulizaliwa. Jina la mtu mzima likianguka linaokotwa. Mama yangu akaokota, mama yake akaokota. Hakuna nyumba ingekubali kuachia ingine. Kwa hivyo tulikuwa Nyanchoka Bosire wawili, na tulilala kitanda kimoja mpaka darasa la nane. Na wote tulirudi kwa baba kujifungulia, ndiyo kijiji kikawa kimoja."

Haron aliangalia skrini, halafu akamwangalia huyo mama, halafu akaangalia chini.

"Yule nesi aliweka mfuko," Nyanchoka aliendelea. "Mfuko ukaonyesha damu ni mingi. Nesi hakukosea. Akapiga simu gari ya wagonjwa ije. Gari ilikuja baada ya masaa matano. Mfuko ulifanya kazi yake, Daktari. Ni gari haikuja kwa wakati."

Ungetarajia mtu aseme pole. Daktari Ochoki alisafisha koo.

"Mama, hiyo ni habari ya kusikitisha. Lakini hii ni sayansi, si matanga. Nyinyi watu wa huku mnaitana jina moja kama sufuria za seti moja, halafu mnataka kompyuta ijue ni gani imevunjika?"

Drusilla alitabasamu na meno yake mazuri. Nyanchoka naye akatabasamu, na Manasseh alipoona hilo tabasamu akajua mambo yameharibika, maana ameishi nalo miaka saba.

"Daktari, wewe ni Ochoki wa wapi?"

"Wa Nyamarambe. Kwa nini?"

"Ochoki Mokua?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nikasema. Mimi nina shangazi ameolewa huko. Kuna Ochoki Mokua mwingine, mtoto wa baba yako mkubwa. Yule walimpata na ng'ombe za watu. Si ndiyo benki ilifunga akaunti yako, ukaenda kulia kwa chifu akuandikie barua mko wawili?"

Haron alikohoa ndani ya kikombe.

"Sasa nilikuwa nauliza tu," Nyanchoka alisema, akimiminia chai kwa adabu zote. "Tukifuta jina lililojirudia kwenu, tunabaki na wewe, ama tunabaki na yule wa ng'ombe? Ni nani alizaliwa wa kwanza?"

Drusilla alivua miwani. Ilikuwa mara ya kwanza wamuone macho.

"Ochoki," alisema, "akaunti ilifungwa? Si uliniambia ni mtandao ulipotea?"

* * *

Mtu mkubwa akiaibishwa na mtu mdogo hatafuti jibu. Anatafuta rungu. Daktari Ochoki alisimama, akafunga kifungo cha suti.

"Bwana Anyona. Unajua mimi nilikuweka kwa orodha ya waandishi kwa huruma? Jarida linauliza kila mwandishi amefanya nini. Wewe umefanya nini? Umepiga chapa. Mpiga chapa anaenda kwa shukrani. Toa jina lako, liweke pale mwisho, kwa shukrani. Na hiyo sifuri inabaki sifuri."

"Daktari, mimi ndiye nili..."

"Na ile barua yako iko kwa meza yangu. Nitaisoma nikiwa nimetulia. Ama nisome nikiwa nimekasirika, ni wewe utachagua." Alichukua funguo. "Tuma kabla ya saa kumi na mbili. Mambo ya Sabato nyinyi mtajipanga. Sabato ni ya watu wasio na kazi."

"Kwa nini usitume wewe?" Nyanchoka aliuliza.

Daktari hakujibu, kwa sababu jibu lilikuwa aibu ingine. Mara ya mwisho alipojaribu kutuma mwenyewe, mtambo wa jarida ulimwomba apakie faili sita, yeye akapakia picha ya pasipoti yake mara sita.

Wakatoka. Drusilla aliona mkungu wa ndizi kwa ukuta wa jikoni, akasema zinakaa tamu, akangoja. Mila ni mila, mgeni hatoki mikono mitupu. Nyanchoka alimbebea mpaka kwa gari. Haron, wa mwisho kupanda, alimwambia Manasseh kwa sauti ya chini, "Ningeuliza kabla ya kufuta. Sikuuliza. Faili ya zamani iko kwa hiyo flashi." Kisha gari likateremka na vumbi lake.

* * *

Saa kumi. Manasseh alikaa mbele ya kompyuta, mikono kwa mapaja.

"Unaweka sifuri?" Nyanchoka aliuliza. Alikuwa anaogesha watoto kwa karai hapo nje mlangoni, kasichana kanapiga kelele za sabuni.

"Mama Brandon, mkataba."

"Sijasema kitu. Nimeuliza."

"Ukimwambia mtu habari ya ng'ombe mbele ya bibi yake, unategemea atie sahihi barua yangu?"

"Hapo nilikosea," alisema, ingawa sauti haikuwa ya mtu aliyekosea. "Lakini kabla ya ng'ombe, sifuri ilikuwa hapo. Ng'ombe hazikuleta sifuri."

Manasseh alizungusha ile flashi kwa vidole.

"Mimi majani chai nachuma," aliendelea, akimwagia mtoto maji. "Hata ukikosa kazi hatutalala njaa, tutalala tu bila sukari. Lakini wewe na mimi ndio tulibeba dada yangu kwa blanketi kwenda kungoja ile gari barabarani. Ukaniambia niendelee kumwongelesha. Nikamwongelesha masaa matano, Baba Brandon. Sasa uandike nilikuwa naongelesha nani?"

Kuna maswali yakiulizwa, mtu hana haja ya kufikiria. Manasseh alifungua faili ya zamani. Akarudisha mstari. Akabadilisha majedwali manne, asilimia zote, muhtasari, na hitimisho. Pale palipoandikwa mfuko umemaliza vifo, aliandika kwamba mfuko ulionyesha damu mapema kwa kila mama aliyevuja, pamoja na yule aliyefariki akingoja kwa masaa matano gari la kumpeleka hospitali, na kwamba mfuko bila gari ni habari ya msiba iliyofika mapema. Hiyo ya mwisho aliifuta. Ilikuwa kweli lakini jarida halingependa.

Jina lake akaliweka kwa shukrani, vile alivyoambiwa. Liliandikwa kwa herufi ndogo, baada ya wauguzi na kabla ya dereva.

Lakini mtambo ulikuwa na kisanduku kimoja: waandishi wote wamesoma nakala ya mwisho na wamekubali. Manasseh alikuwa mtu wa Sabato. Hakuweza kutia alama kwa uongo, na jua lenyewe linamwangalia dirishani. Akapeleka makala yote kwa kundi la WhatsApp la waandishi, na chini yake akaandika kwa Kiswahili cha wazi, asije akasemwa alificha:

"Waandishi wapendwa. Nimerudisha mama wa 312. Hakuwa amejirudia, ni mtu mwingine, na alifariki. Matokeo na hitimisho yamebadilika. Tafadhali someni ukurasa wa kwanza, wa nne na wa saba. Asiyekubali aseme sasa. Natuma saa kumi na moja na nusu."

Akaweka simu mezani.

Haikupita dakika moja. Mwenye duka la mbao: kidole gumba. Msimamizi: kidole gumba na mikono ya kuomba. Drusilla: "Nimekubali. Hongera timu." Mwingine ambaye Manasseh hakuwa amemwona maishani aliandika, "Nimesoma kwa makini, kazi safi sana." Kurasa ishirini na tatu, kwa dakika moja na nusu.

Daktari Ochoki hakujibu. Manasseh akampigia.

"Nini tena?"

"Daktari, umeona ujumbe wangu? Kuna mabadiliko. Nataka usome kabla..."

"Manasseh, mimi nimesoma hiyo makala mara kumi! Unafikiri nani ameiandika? Umetoa jina lako?"

"Nimetoa."

"Basi tuma, wacha kunisumbua, niko na watu."

Baadaye kidogo akaweka kidole gumba chake, cha kumi na moja, kikubwa kuliko vyote.

Ujumbe mmoja tu ulikuja pembeni, wa Haron. "Nimesoma yote. Nimehesabu upya. Inakaa sawa."

Saa kumi na moja na nusu Manasseh alitia alama kwa kile kisanduku, akabonyeza. Mtambo ukazunguka, ukafikiria, ukasema asante kwa Daktari Ochoki.

* * *

Nyanchoka alikuja na leso ya kujipangusa, akasimama nyuma ya kiti.

"Imeenda?"

"Imeenda."

"Watajua?"

"Siku mtu atasoma."

"Na barua yako?"

"Hiyo sasa ni kuni."

Alivuta stuli, akakaa. Nje jua lilikuwa limeshuka mpaka kwa majani chai. "Nionyeshe mahali yuko."

Manasseh akashuka ukurasa wa nne, akaweka kidole kwa mstari namba mia moja tisini na sita. Akausoma Kizungu kwanza, halafu akauweka kwa Ekegusii, polepole: mama mmoja, wa miaka ishirini na sita, alifariki.

"Jina?"

"Hawaandiki majina. Hakuna jina la mgonjwa hata mmoja."

Alitikisa kichwa, akafikiria hilo.

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe uko hapa juu, ndani ya mia tatu na kumi na moja. Mmewekwa pamoja."

"Yeye yuko peke yake."

"Peke yake."

"Soma tena ya Kizungu. Pole pole. Kesho nitakuwa na mama yake kanisani, na hiyo maneno nataka nimwambie vile imeandikwa, nisipunguze."

Akasoma neno moja, akarudia nalo. Akasoma la pili. Lile la kufariki lilimkwama kidogo, akalijaribu mara tatu, midomo imekaza. Walipofika mwisho wa mstari, alirudi mwanzo peke yake na kuusema wote bila kuangalia.

"Ni hivyo?"

"Ni hivyo," Manasseh alisema, akafunga kompyuta, maana jua lilikuwa limezama.